Kichwa Kilichosukwa Nusu

Ujanja mwingi mbele kiza, na Nibigira alikuwa nao tele.

Wiki mbili nyuma alipewa saa moja na bintiye Irankunda, mtoto wa miaka saba aliyechukuliwa na ofisi ya ustawi wa jamii kwa sababu mama alimwacha peke yake nyumbani Campbelltown, Australia, akaenda shifti kazini. Saa moja tu, tena mbele ya Gakii, Mkenya aliyeajiriwa kuwasimamia. Nibigira alitoa kitana. Mikono yake ingemaliza kichwa kizima, lakini alisuka upande wa kushoto tu, polepole, makusudi. Tangu kambi ya wakimbizi hajawahi kuona mtu mwenye akili zake akimwacha mtoto na kichwa nusu. Kwa aibu tu, watamrudisha kesho amalizie.

"Mama Irankunda, time's up," Gakii alisema. "Sasa hicho kichwa?"

"Nitamalizia kesho."

"Kesho si visit day, mama."

Kesho ikapita, na siku zilizofuata zikapita.

Leo ni sikukuu ya shule, na Nibigira ameruhusiwa kutazama akiwa nje ya ua wa waya, Gakii ubavuni. Kitana kimo mfukoni. Uwanjani imesimikwa nguzo yenye tepe nane, na watoto wanane wamezishika. Muziki ulipoanza, wanne walizunguka huku, wanne kule, wakipishana juu, chini, juu, chini, na nguzo ikaanza kuvaa msuko. Nibigira alicheka kwa mara ya kwanza mwezi huo. Kumbe hawa nao wanasuka, ila wanasuka mti!

Akakitafuta kichwa kilichosukwa nusu. Alipekua vyote vinane, akarudia.

"Hajaja?"

Gakii aliinamisha uso. "Yuko pale, kwa utepe wa kijani. Foster mother anayemlea hakujua kusuka, mama. Alizinyoa nywele zote."

Kipara kilikuwa kinang'aa juani. Nibigira alijishika kifua. "Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemnyoa."

Watoto waligeuka, wakazunguka kinyume, na msuko wote ukafumuka hadi nguzo ikabaki tupu. Irankunda akamwona mama. Alikuja hadi kwenye ua, mikono yote miwili imefunika kichwa.

"Mama," alisema, "why didn't you finish it?"

Nibigira alipenyeza mkono kwenye waya. Vidole vilipapasa kichwani, vikitafuta pa kuanzia, na hapakuwepo.