Kiraka cha Bi Nunu

Usingizi wa mchana unamchukua Mwanaheri akiwa amejilaza kifudifudi juu ya vipande vya kanga, mkasi mkononi, roho imemchafuka. Ukoo wao una desturi yake: mjukuu wa kwanza akitimiza arobaini hulazwa juu ya tandiko la viraka, kila mwanamke atakayembeba hutoa kipande cha kanga yake kuukuu, iliyolainika kwa kufuliwa, na bibi mzaa mama huviunga vyote bila kubagua. Alasiri hii Rukia, bintiye, anamleta mtoto. Vipande vya mashangazi na mawifi vimefika, na kimefika cha Bi Nunu, mke mwenzake, na hapo ndipo kazi ilipolala. Rangi ya nyongo, imekatizwa na zambarau ya ini lililochacha. Mwanaheri hupenda buluu na nyeupe, rangi zenye adabu. Kile amekishika kwa ncha za vidole, amefutia mafuta ya cherehani, amekitupa kapuni. Tangu hapo anapanga na kupangua, na katikati ya tandiko pamebaki tundu lisilokubali rangi yoyote, nyekundu ikiwekwa inapiga kelele, kijani kikiwekwa kinaonekana kimeoza. Anafumba macho kidogo tu, na lile tundu linampitisha.

Anatokea kwenye barabara ya nguo, pindo kushoto, pindo kulia, haina mwanzo wala mwisho, na rangi yake inageuka kila anapokanyaga, na kila rangi ina harufu yake, manjano inanuka yai viza, kahawia inanuka ugoro uliotemwa, waridi ni tamu mpaka meno yanauma, naye Mwanaheri, mwanamke anayesuuza glasi mara mbili kabla ya kuinywea, anatembea ameziba pua kwa mtandio na kuapa kwamba aliyechanganya rangi hizi hana macho. Mbele yake anatembea mwanamke asiye na uso, mahali pa uso pana kitambaa kitupu cha marikani kimevutwa kikakaza, na kidoleni amevaa kastabini ya kushonea. Mtoto analia mahali fulani, na Mwanaheri anakijua kile kilio, ni cha mjukuu wake. Anauliza yuko wapi. Yuko huko ulikomtaka, anajibiwa. Anauliza njia. Ni ileile uliyofutia mafuta. Mimi sikuomba kitendawili, bibi, nimeuliza njia. Na mimi nimekujibu njia, anasema asiye na uso, na barabara inajikunja inawaingiza mjini.

Mji wote ni buluu na nyeupe. Nyumba, kisima, mbingu, mistari myembamba iliyonyooka, na kila dirisha ni kioo kinachoonyesha nyumba nyingine ya buluu yenye dirisha la kioo. Mwanaheri anashusha pumzi, anaondoa mtandio puani, anasema hapa sasa wanaishi watu. Kilio kiko karibu. Anaingia nyumba, anatokea nyumba ileile, kitanda cha buluu, shuka la buluu, na mtoto amefungwa buluu juu ya buluu, na hamwoni. Anapapasa, anashika mto, anashika kioo, anaushika mkono wake mwenyewe. Kilio kinafifia. Anaingia tena, anatokea tena, na ile rangi yake aipendayo inaanza kumganda ulimini kama maziwa yaliyolala, ni buluu kila anapogeuka, buluu hata akifumba macho, mpaka anataka kutapika. Niondolee hii rangi, anasema, mtoto yuko humu na simwoni. Asiye na uso anamnyooshea kipande cha Bi Nunu, na doa lake jeusi la mafuta. Uchafu huu? Nawe jicho lako litashika wapi? anaulizwa, na kilio kinakatika kabisa. Hapo Mwanaheri anakishika kwa kiganja kizima, mate machungu yanajaa kinywani, anakirusha kule kwenye buluu, na kinatua juu ya kitu kidogo kinachopumua. Anamwona. Anamnyanyua.

Anaamka akihema, shavu lina alama za mishono. Rukia ameshaingia, na mtoto amelala juu ya tandiko lililokamilika, bitana na yote, na katikati kiko kile kipande, kimeshonwa kwa mkono wa Mwanaheri mwenyewe, anaitambua mishono yake ila kushona hakukumbuki. Kinamchefua vilevile. Kimeiharibu buluu yote. Mtoto ametulia, amekikodolea macho hichohicho. Mama, anasema Rukia polepole, nilijua utakitupa, nilikuwa nimejiandaa kugombana nawe. Mlangoni amesimama Bi Nunu, ambaye hajavuka kizingiti hiki tangu alipoolewa. Mwanaheri anawatazama nyuso, mmoja mmoja, macho yapo, midomo ipo. Karibu ndani, Nunu, anasema. Rangi yako inatia kichefuchefu, lakini karibu. Bi Nunu anacheka, anavua viatu, anaingia.

Kapu la taka liko nyuma ya Mwanaheri, na harufu ya mafuta ya cherehani inatoka huko. Akigeuka atajua kama kile kipande bado kimo. Anamchukua mtoto, anampakata, anaketi akiwa ameligeuzia kapu mgongo.