Mkebe wa Kakao

Mama mkwe akienda bombani kuchota maji, mtoto alishiba. Akishinda nyumbani, mtoto alishinda na njaa. Tryphena alijua hivyo, na kila asubuhi akiamka, kabla hata ya kufunga leso, alijiuliza kama leo yule mama atatoka.

Maziwa yake yalikuwa machache tangu mwanzo. Sista wa kliniki pale Voi alimweleza bila kumzungusha: mtoto anyonye kwanza, pande zote mbili, kisha aongezewe maziwa ya unga kwa kikombe. Maji yachemshwe, na asiyazidishe maji kwa kutaka mkebe udumu. "Kunyonyesha usiache, na mkebe usiuogope," alisema. "Lakini Jumatatu nikimpima nikute hajaongeza uzito, ninamlaza wodini."

Kumbe mkebe haukuwa wa kuogopwa. Wa kuogopwa alikuwa Bibi Mkamburi, mama mkwe wake, aliyeteremka kutoka Chawia mlimani na kuku, unga wa wimbi na mdomo wake. Mtoto alipewa jina lake, na hakumwita vingine ila wajina. "Kwetu hakuna mwanamke aliyekosa maziwa," alisema siku ile ile aliyofika, kabla hajavua viatu. Basi Tryphena akamimina maziwa ya unga ya mtoto ndani ya mkebe mkuukuu wa kakao, akausukuma nyuma ya kabati. Bibi alipouona akauliza ni nini.

"Ni maziwa ya chai, Mama."

Silvanus, mumewe, alikuwa kazini kwenye treni, leo Mombasa, kesho Mtito Andei. Waume wana bahati ya kuwa safarini mambo yanapotokea.

Uji aliokunywa Tryphena ungejaza pipa. Asubuhi uji, mchana supu, jioni uji tena, na Bibi amesimama juu yake mpaka bakuli liishe. Alinenepa yeye. Mtoto alibaki na shingo nyembamba na kilio kilichopungua sauti kila siku, na hicho ndicho kilichomtisha zaidi.

Jumamosi akina mama wa kanisa walishuka na basi kutoka Chawia kumwona mtoto. Wageni wa kuona mtoto hawana haraka ya kuondoka. Waliimba, wakaomba, wakakaa. Nzembi, jirani wa nyumba ya pili hapo mtaani Kaloleni, akaja kusaidia kupanga vikombe. Bibi Mkamburi mwenyewe alisimamia sufuria, maana alitaka wakasimulie huko mlimani jinsi mwanawe anavyoishi mjini. Chai ilikuja nzito, nyeupe, ikasifiwa.

"Hii chai ni tamu, jamani," Mama Lois alisema, akinyoosha kikombe aongezwe.

Mtoto akalia. Tryphena akamnyonyesha mbele yao, upande huu, kisha ule. Mtoto alivuta, akaachia, akalia tena. Jasho lilimtiririka Tryphena mgongoni.

"Ana njaa huyo, mpe anyonye," mmoja akasema.

"Si ndiyo anampa," Nzembi akajibu.

Tryphena aliinuka, akaenda kabatini. Mkebe wa kakao haukuwepo. Aliukuta jikoni, kando ya jiko la makaa, mdomo wazi. Ndani palibaki vumbi jeupe ukingoni. Alirudi nao mkononi, mtoto begani, na hasira aliyokuwa akiimeza pamoja na ule uji wote ikamtoka.

"Mmekunywa chakula cha mtoto," alisema.

Vikombe vilisimama njiani. Mama Lois alitua chake chini polepole, kana kwamba kingemwagika chenyewe.

"Chakula gani?" Bibi Mkamburi aliuliza. "Si uliniambia ni ya chai?"

"Nilikudanganya, Mama. Maziwa yangu hayatoshi. Nanyonyesha, hayatoshi. Sista amesema nimwongezee ya mkebe. Nilikuwa nampa ukienda bombani. Niliona aibu."

Akaanza kulia, si kwa huzuni hasa, ni uchovu tu.

Bibi alimtazama mtoto muda mrefu, ile shingo, vile vidole.

"Wewe ukaona aibu," alisema, "wajina wangu akaona njaa."

Akavaa viatu vyake vya kanisani, akamwambia Nzembi amwonyeshe duka linalouza hayo maziwa, wakatoka na lile jua. Wageni walibaki wakitazama miguu yao. Hakuna aliyemaliza chai yake.

Aliporudi alikuwa na mkebe mpya, wenye picha ya mtoto mnene. Akauweka katikati ya meza, palipokuwa na sahani ya mahamri.

"Haya, ulivyoambiwa na sista. Ziwa kwanza." Akakaa akingoja, kikombe mkononi. Tryphena alipomaliza pande zote mbili, Bibi alimpokea mtoto na kumnywesha taratibu. Mtoto alikunywa, akacheua, akalala mdomo wazi.

Jumatatu mshale wa mizani ulisogea. Si sana. Sista aliitazama, akawarudisha nyumbani.

Wiki hiyo wageni wengine walikuja kutoka mlimani. Mkebe ulikuwa pale pale mezani. Bibi Mkamburi aliwamiminia chai ya rangi, na mmoja alipoukodolea mkebe macho, akamwahi.

"Kunywa hivyo hivyo, dada. Maziwa ya nyumba hii yana mwenyewe."