Mlango wa Mninga

Kuluthumu alikuwa fundi wa maboksi ya spika mtaa wa Cheyo, mjini Tabora. Wenye kumbi za harusi walimjua, wenye magari ya matangazo walimjua, na wote walisema jambo moja: tundu alilokata Kuluthumu, spika inakaa kama imezaliwa humo. Ufundi aliupata kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akikata matundu kwa msumeno wa mkono na kumalizia kwa tupa, jasho likimtiririka. Yeye alitumia ruta, mashine ya umeme inayochonga mbao kwa kisu kinachozunguka. Alikuwa amejitengenezea kitu alichokiita bikari, kipande kirefu cha plaiwudi ambacho mwisho mmoja kimefungwa ruta na mwisho mwingine kina msumari. Msumari unachomekwa katikati ya duara, ruta inazunguka, kisu kinakula mbao kidogo kidogo kila mzunguko, mpaka kipande cha katikati kinaachia chenyewe.

Siku moja ya kiangazi Abdulatifu alifika na pikapu iliyobeba mbao. Alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa maneno mengi na kanzu safi, na wakati ule alikuwa akiikarabati nyumba ya kale ya ukoo wao, njia ya Kwihara. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, kuta nene, imejengwa enzi za misafara ya kwenda Ujiji. Chumba cha uani kilikuwa kimebomoka, akatoa mlango wake.

"Mninga huo, fundi," alisema akizipiga mbao kofi kama mtu anayesifia ng'ombe. "Zaidi ya miaka mia na haujaguswa na mchwa. Nataka spika mbili za sebuleni, uso wake utoke kwenye mlango huu. Mgeni akiuliza, nimwambie muziki anaousikia unatoka kwenye mlango wa ghala la pembe za ndovu la babu yangu mkubwa."

Kuluthumu alizipitishia mbao mkono. Zilikuwa nzito, upande mmoja umechakaa kwa jua na upande wa pili laini, umeng'aa karibu na chini kana kwamba kitu kilikuwa kikijisugua pale kwa muda mrefu.

"Mbao nzuri," alisema. "Niachie."

Kazi aliianza asubuhi, baada ya kuzipiga randa kidogo na kuziunganisha kwa gundi mpaka akapata mbao mbili pana za uso. Alipima spika, akachora, akatoboa tundu dogo la msumari katikati. Kwanza alikata ngazi ya juu, ile inayopokea ukingo wa spika ili isitokeze nje. Ruta ilinguruma, unga mwekundu wa mninga ukaruka.

Ndipo aliposikia mtu akiimba.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya kuguna mdomo umefungwa. Kuluthumu alidhani ni redio ya jirani yake Recheli, aliyekuwa na kibanda cha chapati upande wa pili wa ukuta. Akazima mashine. Kimya. Recheli alikuwa akikanda unga, na redio haikuwapo.

Akawasha tena na kuendelea kuzungusha. Sauti ikarudi.

Mashine, kama kila fundi ajuavyo, ina kelele zake, na ndani ya kelele mtu anaweza kusikia chochote: simu yake ikiita, mtoto akilia. Kuluthumu alivaa viziba masikio vyake vikubwa, vile vya kufunika sikio lote. Mngurumo wa ruta ulififia ukawa kama wa mbali. Wimbo haukufifia. Ulibaki palepale ulipokuwa, na sasa aliusikia vizuri zaidi: unapanda kidogo, unashuka, unakatika kama mtu anayemeza mate, unaanza tena.

Alizima, akaitoa mbao ya Abdulatifu, akaweka kipande cha plaiwudi na kukata duara zima. Hakusikia kitu ila ruta. Akairudisha mbao ya mninga. Kisu kilipogusa tu, yule mwanamke alikuwa anamsubiri.

Alitoka nje akasimama juani.

"Vipi, mama?" Recheli alimwita kutoka kwenye chapati zake. "Umejikata?"

"Hapana. Hivi umesikia mtu anaimba?"

"Kwa kelele zako hizo? Hata mwadhini simsikii."

Kuluthumu alikunywa maji, akarudi ndani. Alikuwa mwanamke wa kazi, na kazi ya mtu alikuwa ameikubali. Akalimaliza tundu la kwanza huku wimbo ukimpitia mikononi, na alipofika mwisho akaacha utando mwembamba wa mbao chini, kama alivyozoea, ili kipande cha katikati kisianguke na kukishika kisu. Utando huo aliukata kwa mkono. Kipande kilipoachia, pakasikika pumzi, fupi, kama ya mtu aliyeshushwa mzigo kichwani.

Akaenda mbao ya pili. Mzunguko wa pili haujaisha, kisu kikagonga chuma. Ruta ikaruka, cheche zikatoka, kisu kikavunjika na kipande chake kikapita karibu na shavu lake kikaenda kugonga bati la ukutani. Alizima mashine akakaa chini sakafuni.

Alipoinuka alichukua patasi, akachimba. Ndani ya mbao mlikuwa na kizibo cha mninga, kimepachikwa kwa ustadi na kufunikwa kwa nta mpaka jicho lisikione. Chini ya kizibo kulikuwa na shina la chuma nene kama kidole gumba, limekatwa kwa msumeno. Alilinyofoa, akalifunga kwenye kitambaa, na alasiri ile akaenda nyumbani kwa Abdulatifu.

Abdulatifu alikuwa barazani na bibi yake, Mwanajuma. Ajuza huyo alikuwa amezaliwa katika nyumba ile ya Kwihara na alikuwa haoni vizuri tena, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani huyu?"

"Fundi wangu wa spika," alijibu Abdulatifu. "Karibu, fundi. Tayari?"

Kuluthumu alifungua kitambaa. "Hiki kilikuwa ndani ya mbao. Kimenivunjia kisu, nusura kinitoe jicho."

Abdulatifu alikigeuzageuza. "Kitasa cha zamani. Si walikuwa wanafunga pembe humo? Kisu nitakununulia kingine."

"Nipe," alisema Mwanajuma. Alikipapasa, akapeleka kidole pale palipokatwa, akakiweka mapajani. Abdulatifu alianza kuzungumza habari nyingine, bibi yake akamkatiza.

"Si kitasa. Ni shina la pete ya chuma. Mlango unafungwa kwa nje, Latifu. Pete hii ilikuwa kwa ndani, chini kabisa, pale mtu akikaa mkono wake unapofika. Mimi niliiona. Baba yangu aliikata nikiwa msichana mdogo, akaziba, kwa sababu wageni walianza kuuliza."

"Pete ya nini, bibi?"

"Ya kufungia mtu."

Abdulatifu alicheka kidogo, kisha akaacha. "Bibi, mle mlikuwa na pembe. Wewe mwenyewe ulikuwa unanisimulia."

"Nilikusimulia nilivyoambiwa nikusimulie. Pembe zilikuwamo. Na waliozibeba walikuwamo."

Kuluthumu alitaka kuaga, maana hayo yalikuwa mambo ya watu na ukoo wao. Lakini kabla hajajizuia alisema, "Bibi, nilipokuwa nakata nilisikia mtu." Akaona haya. Akafumba macho, akauguna ule wimbo, unapanda kidogo, unashuka, unakatika, unaanza tena.

Mwanajuma alimshika mkono kwa nguvu ambazo hakudhaniwa kuwa nazo.

"Umeutoa wapi huo?"

"Ndani ya mbao, bibi."

Ajuza alilia bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso wake. Kisha akasema, akimgeukia mjukuu wake ingawa alimwona kama kivuli tu:

"Bibi yangu mimi, mama yake mama, alikuwa anaimba hivyo akitwanga. Walimwita Tunu. Hilo ndilo jina walilompa hapa. La kwao hakuna aliyemuuliza. Aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, Manyema huko, msichana hata maziwa hayajamtoka vizuri. Walimfungia mle. Baadaye mtoto wa mwenye nyumba akamtaka, akamzalia mama yangu. Basi ukisema babu yako mkubwa ndiye mwenye mlango, ni kweli. Na bibi yako mkubwa ndiye aliyekuwa ndani. Wote wawili ni wako."

Abdulatifu alikaa kwenye mkeka. Kofia yake aliivua, akaikunja, akaikunjua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alisema sisi ni watoto wa nyumba, tusiivunje. Nami nilikuwa naona unavyojivunia." Akavuta pumzi. "Fundi, mbao ya pili umeimaliza?"

"Hapana. Na sitaki, bibi. Afadhali niirudishe."

"Usirudishe. Kesho Latifu atanipeleka huko kwako. Nataka kumsikia."

Walikuja asubuhi, Abdulatifu akimshika bibi yake mkono. Kuluthumu alimweka kwenye kiti karibu na meza, akakiongoza kiganja chake juu ya mbao, mbali na njia ya kisu. Alikuwa ameweka kisu kipya na kuhamisha kitovu cha duara kidogo ili kupita pembeni ya shimo la chuma. Akawasha.

Wimbo ulikuja mara moja. Kuluthumu alimtazama Mwanajuma, akaona midomo yake inachezacheza. Abdulatifu alisimama mlangoni mikono kifuani, na usoni alikuwa kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba anadanganywa. Hakuwa anasikia kitu. Hilo lilionekana wazi. Ruta ilizunguka, mstari wa duara ukazama, unga mwekundu ukamwangukia ajuza mapajani.

"Bibi," Mwanajuma alipaza sauti ndani ya kelele, "ni mimi, Mwanajuma wa binti yako Zena! Tupo hapa!"

Umeme ukakatika.

Ni jambo la kawaida Tabora. Ruta ilinyong'onyea, ikapiga mluzi wake wa mwisho, ikatulia. Redio zote za mtaa zilizimika. Na katika ukimya ule wimbo uliendelea.

Haukuwa tena chini ya kitu chochote. Ulikuwa mle karakanani, mwanamke anaguna mdomo umefungwa, karibu kiasi kwamba Kuluthumu alisikia ulimi wake ukigusa meno. Abdulatifu aliangusha mikono. Alisogea hatua moja, kisha akashika ukingo wa meza kwa vidole vyote kumi. Mwanajuma akaufuata wimbo kwa sauti yake mbovu ya uzee, akipanda pale ulipopanda. Wakaenda pamoja hivyo, wawili, mmoja anaonekana na mmoja haonekani, mpaka pale unapokatika. Safari hii haukuanza tena.

Nje, Recheli aliuliza kwa sauti kama umeme umekatika mtaa mzima au ni kwake tu.

Abdulatifu ndiye aliyeanza. "Aliwahi kusomewa hitima?"

"Nani amsomee?" alisema Mwanajuma. "Walizika, wakarudi kula."

"Basi usimalize, fundi. Iache hivyo hivyo."

Ijumaa iliyofuata walisoma hitima katika uwanja wa nyumba ya Kwihara. Watu wengi walikuja, kwa kuwa Abdulatifu alijulikana, na wengi walidhani wanamwombea yule mzee wa misafara. Abdulatifu alisimama mbele yao akasema anamwombea bibi yake mkubwa, mtumwa wa nyumba hii, aliyeitwa Tunu kwa sababu jina lake halikuulizwa. Baadhi ya wajomba zake waliondoka kabla ya pilau. Mmoja alimwambia Kuluthumu langoni kwamba yeye ndiye aliyeleta balaa na mashine yake. Kuluthumu mwenyewe alikuwa amewahi kufikiri hivyo.

Mwanajuma aliiomba ile mbao yenye duara lisilokamilika, ikawekwa chumbani kwake, imeegemezwa ukutani kando ya kitanda. Alisema haisemi kitu, na kwamba hilo ndilo alilotaka.

Mvua zilipoisha, yeye na Abdulatifu walipanda treni ya Kigoma. Ajuza alitaka kujua wimbo ule ulisema nini. Ujiji waliwatafuta wazee wenye asili ya Manyema, na Mwanajuma akawaimbia kila walipokaribishwa, nyumba kwa nyumba. Mmoja alisema ni wimbo wa kutwangia. Mwingine alikataa, akasema ni wa kumbembeleza mtoto. Mwanamke mmoja sokoni, muuza dagaa, aliusikiliza mpaka mwisho, akaomba aimbiwe tena, kisha akasema mama yake alikuwa nao, lakini maneno hakuwahi kumfundisha. Akamwita binti yake aache kupima dagaa, aje asikilize.