Kibali cha Annastella

Mwalimu Avit Rutaihwa wa Kamachumu alikuwa mwana wa Ildefons, katekista aliyefundisha dini kigangoni kwa miaka thelathini na mmoja pasipo kuchelewa Jumapili hata moja. Ildefons alikuwa mwana wa Mushumbusi, na Mushumbusi alikuwa mwana wa Kagaruki, yule aliyefyeka kichaka na kupanda migomba ya kwanza katika kibanja ambacho ukoo wake unakilima mpaka leo. Katika watu hao hakuna aliyewahi kuitwa barazani kujibu shitaka, wala aliyebadilisha kauli yake baada ya kuitoa. Mwalimu Avit aliyajua hayo kama alivyozijua sakramenti saba, na kila asubuhi alipofunga tai mbele ya kioo alijiona yuko mbele ya wazee wake, akikaguliwa.

Ndiyo maana, goti la mkewe Adventina lilipovimba na safari ya kumrudisha mjukuu Mwanza ikakosa mtu, yeye hakusita.

"Nitampeleka mimi."

"Wewe?" Adventina aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Umezaa watoto saba, hujawahi kulala chumba kimoja na hata mmoja wao."

"Nimelaza wavulana mia mbili bwenini."

"Hao uliwapigia kengele. Huyu utampigia nini, mume wangu?"

Huyu alikuwa Kokuhirwa, mwenye miaka minne, mtoto wa binti yao Renatha. Alikuwa amekaa Kamachumu tangu Pasaka. Kila asubuhi alimfuata babu yake migombani, mikono nyuma, akitazama alichokitazama babu na kuguna babu anapoguna. Mwalimu Avit hakuwa amemwambia mtu, lakini matembezi yale yalikuwa yamempendeza kuliko heshima zote alizopewa siku ya kustaafu. Alitaka mtoto yule aanze shule Kamachumu mwezi Januari, katika shule aliyosoma Ildefons na aliyofundisha yeye mwenyewe miaka thelathini na minane.

Renatha alikuwa amemjibu baba yake kwa simu. "Tata, mume wangu anasema utamfanya mtoto wetu askari. Mimi bado sijasema kitu. Nitamtazama uso akishuka melini, ndipo nitaamua."

Hivyo basi uso wa mtoto asubuhi moja ndio uliobeba kila kitu, na kati ya asubuhi hiyo na kibanja chake palikuwa na usiku mmoja wa ziwani.

Watu wa Kamachumu wenye haraka hupandia meli Kemondo, kwa kuwa ni karibu. Mwalimu Avit alisema kuwa safari huanzwa mwanzoni, wakaenda mpaka Bukoba. Walikuwa kwenye foleni ya lango la bandari, yeye amevaa koti na tai ya buluu aliyozawadiwa na shule, alipoufungua mkoba wa mtoto ili ahakikishe sweta imo. Juu ya sweta alilala mwanasesere. Bibi alimsuka kwa majani makavu ya mgomba, akamfunga kitambaa kiunoni, na Kokuhirwa akampa jina la Annastella, kwa heshima ya mama anayepiga ngoma kanisani.

Mwalimu Avit alisimama akimtazama. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji ya kupambana na mnyauko wa migomba, ugonjwa unaogeuza majani kuwa manjano na kutoa maji ya kunuka shinani. Miaka miwili mfululizo alikuwa ametangaza mikutanoni kwamba hakuna kitu cha mgomba kitakachotoka kijijini, kiwe chipukizi, kiwe jani, kiwe kikavu, na kitakachokamatwa kitachomwa. Alikuwa amemrudisha shemeji yake mwenyewe njiani kwa sababu ya mzigo uliofungwa kwa kamba ya mgomba.

Kando ya lango mama mmoja alikuwa akichoma ndizi kwenye jiko la mkaa.

"Mama, naomba moto wako."

"Waitu, Mwalimu, si kidoli tu hicho?" alisihi mama.

"Ni mgomba," alisema, akamweka Annastella juu ya makaa.

Makavu ya mgomba hayachelewi. Uliwaka mwali mmoja mrefu, ukaisha. Kokuhirwa alikuwa ameshika suruali ya babu yake, na aliona yote. Hakulia. Babu alikuwa amemfundisha kwamba mtu halii mbele ya watu, naye alikuwa mwanafunzi msikivu. Mwalimu Avit alijisemea kwamba jambo limekwisha, tena vizuri.

Chumba chao melini kilikuwa chembamba kama ghala la chaki: vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, beseni la kunawia, na dirisha la duara lililotazama maji. Mwalimu Avit alivua koti, akalitundika, akatangaza taratibu.

"Kunawa. Sala. Maji nusu kikombe. Kulala. Wewe chini, mimi juu, kwa sababu wewe unaweza kuanguka."

Mtoto alitii. Alinawa, alifanya ishara ya msalaba, alikunywa maji mpaka katikati kamili ya kikombe, akaketi kitandani, mgongo umenyooka.

Mwalimu Avit akaanza kupanda ngazi. Alikuwa amefika kipandio cha pili, goti moja likiwa angani likitafuta cha tatu, mlango ulipogongwa na kufunguliwa. Mhudumu wa meli, binti mwenye ushungi na beji iliyoandikwa Sumaiya, alisimama na mashuka mikononi.

"Shikamoo, baba. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Ninakwenda kulala."

"Huko utafika asubuhi. Tafadhali shuka, baba yangu. Juu kuna ubao wa kuzuia, mtoto haanguki."

"Mtoto wa miaka minne halazwi juu."

"Na mzee wa miaka sabini?"

"Sabini na minne," alisahihisha, akashuka, kwa kuwa goti lilikuwa limekwisha kukubaliana na binti.

Sumaiya alitandika shuka, kisha akachuchumaa mbele ya Kokuhirwa. "Mrembo, mbona umekaa kama uko kwa daktari? Huna hata mdoli wa kulala naye?"

Kokuhirwa alimtazama babu yake. Sumaiya aliwatazama wote wawili, akaaga, akafunga mlango polepole.

Meli ilikwisha ng'oa nanga. Taa za Bukoba zilipungua, zikawa chache, zikatoweka nyuma ya mlima. Mtoto alikuwa bado ameketi. Alipoambiwa alale, alilala hapo hapo chini, chali, mikono ubavuni, macho wazi. Mwalimu Avit alikaa ukingoni mwa kitanda hicho hicho, akasubiri. Bwenini alikuwa akizima taa na kuondoka; kilichofuata gizani hakikuwa kazi yake. Hata nyumbani, watoto wake saba walilala upande wa mama yao, naye aliwakuta asubuhi wamekwisha nawa uso. Sasa hapakuwa na upande mwingine wa kwenda. Alizima taa, akaiwasha tena. Macho yalikuwa vile vile.

Meli ikapunguza mwendo, kengele ikalia, mwanga mkali wa bandari ya Kemondo ukaingia dirishani. Kokuhirwa akainuka, akapiga magoti kitandani, akaweka paji la uso kwenye kioo. Huko chini wapagazi walikuwa wakipandisha ndizi. Ilikuwa mikungu mingi, mizima, ya kijani, imefungwa na kutandikiwa majani mabichi, nayo iliingia melini bega baada ya bega, kama maandamano yasiyo na mwisho.

"Babu."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu langoni.

"Naam."

"Wale wanapeleka mnyauko?"

"Hapana. Shamba lao limekaguliwa. Wana kibali."

Mtoto alifikiri. Mikungu sita ikapita.

"Annastella hakuwa na kibali?"

"Hakuwa nacho."

"Mimi nilimkagua," alisema Kokuhirwa. "Hakuwa na manjano. Nilimtazama kila mahali, kama wewe. Hakuwa na maji ya kunuka." Akageuka. "Nani anatoa kibali, Babu?"

Mwalimu Avit alifungua kinywa ili ajibu, kwa kuwa katika maisha yake alikuwa hajashindwa swali la mtoto. Jibu lilikuwa fupi. Bwana shamba ndiye atoaye kibali. Lakini pamoja na bwana shamba ilikuja kumbukumbu ya mkutano ule wa kwanza, na maneno kama yalivyosemwa: machipukizi, mikungu, majani mabichi. Hapo ndipo bwana shamba aliponyamaza. Neno "kikavu" halikuwa lake. Lilikuwa la mwenyekiti, lililoongezwa papo hapo, kwa sauti kubwa, kwa sababu mwenyekiti alipenda sheria isiyo na tundu. Hakuna aliyemuuliza. Baada ya miezi michache hata yeye alikuwa amesahau kuwa ni lake.

Nje, mpagazi mmoja alimtania mwenzake kwa Kihaya kwamba anabeba mkungu kama bibi harusi, wakacheka.

Angeweza kusema kwamba sheria ni sheria. Mtoto angekubali, alikuwa amekubali kila kitu. Kesho angeshuka melini mgongo umenyooka, hana chozi, na uso ule ule aliokuwa nao sasa. Mwalimu Avit aliutazama uso huo katika mwanga wa Kemondo, akautambua. Ulikuwa uso wake mwenyewe, na haukufaa kuvaliwa na mtu wa miaka minne.

"Kokuhirwa," alisema. "Annastella hakuhitaji kibali. Alikuwa mkavu. Mimi nilikosea."

Mtoto akamkazia macho. "Wewe?"

"Mimi."

"Aliumia?"

"Sidhani. Lakini wewe uliumia, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo."

Ndipo Kokuhirwa akalia. Alilia kwa nguvu, kwa sauti yote aliyokuwa ameihifadhi tangu langoni, na Mwalimu Avit, ambaye angepaswa kumkumbusha juu ya watu wa chumba cha pili, hakumkumbusha. Hakujua mikono yake iende wapi. Mmoja ulikwenda shingoni mwake mwenyewe, kama kawaida yake anapofikiri, ukaikuta tai.

Aliivua. Aliigeuza upande wa ndani, penye bitana nyeupe. Akaikunja mara mbili, akapiga fundo likawa kichwa, akaisokota sehemu nyembamba ikawa mikono. Mfukoni mwa shati alikuwa na kalamu nyekundu, ile ambayo hakuacha kuibeba hata baada ya kustaafu. Akachora macho mawili na mdomo.

Kilio kilikuwa kimepungua. Mtoto alikuwa akitazama kazi.

"Ana hasira," alisema, akivuta makamasi.

"Hana hasira. Ni mtaratibu."

"Mchekeshe."

Mwalimu Avit akaurefusha mdomo, upande huu, kisha upande ule. Kokuhirwa akampokea, akamgeuza, akamkagua mgongo na miguu, akaguna kwa sauti nzito ambayo Mwalimu Avit aliijua.

"Si Annastella," alisema.

"Si yeye."

"Ni mdogo wake. Anaitwa Agnetha." Akajilaza, akasogea ukutani. "Lala hapa, Babu. Kule juu utaanguka, na Agnetha ataogopa."

Basi Mwalimu Avit Rutaihwa akalala kwenye kitanda cha mtu mmoja, nusu ya mwili wake ikiwa nje, bila tai, kisigino cha mtoto kikiwa mbavuni mwake. Alijifunza mambo. Kwamba mtoto akilala huwa mzito ghafla. Kwamba husema maneno usingizini, nusu Kihaya nusu Kiswahili, na hucheka na mtu asiyeonekana. Kwamba watoto saba walikuwa wamefanya hayo yote katika nyumba yake, ukuta mmoja tu kutoka alipolala yeye. Alisinzia meli ikiwa katikati ya ziwa.

Mwanza kulikuwa kumepambazuka. Renatha alikuwa amesimama mbele ya umati pamoja na mumewe Yoeli, na kama alivyoahidi, alimtazama kwanza mtoto usoni. Macho yalikuwa yamevimba. Kisha akamtazama baba yake shingoni, akabaki hapo. Katika miaka yake yote hakuwa ameiona shingo ile bila tai safarini.

"Tata, tai iko wapi?"

"Amelala," alijibu Kokuhirwa, akionyesha kwapani. "Babu alimchoma Annastella kwenye jiko."

Yoeli aligeuka kumtazama mkewe. Mwalimu Avit alisimama wima. Hakumkatiza mtoto wala hakuongeza utetezi.

"Halafu?" aliuliza Renatha, polepole.

"Halafu akasema amekosea."

"Nani alisema?"

"Babu."

Renatha alimtazama tena baba yake, kwa muda mrefu zaidi. Mtu mwenye mkokoteni aliwapigia kelele wapishe njia, wakapisha.

"Na wewe unataka kurudi kwa babu?"

"Ndiyo. Migomba haijakaguliwa leo," alisema Kokuhirwa.

Renatha akauchukua mkoba. "Sare za Kamachumu bado ni zile za buluu?"

"Bado ni zile," alijibu Mwalimu Avit.

"Basi nitashona mbili kabla ya Januari. Huyu anachafua."

Yoeli alikuwa amekwisha kuanza kucheka, mkono mdomoni, macho kwenye mwanasesere mwenye uso mwekundu. Mwalimu Avit akafunga kifungo cha juu cha shati, akaweka mikono nyuma, na kando yake mjukuu akafanya vivyo hivyo.

"Nisikilizeni ninyi wawili, na msicheke ninapozungumza. Huyu anaitwa Agnetha. Msimfue kwa sabuni, wino utatoka. Na kabla ya kumwondolea mtoto huyu kitu chochote mkononi, mjiulize kwanza sheria hiyo mmeitoa wapi, na ni nani aliyeongeza neno la mwisho. Yoeli, nasema nawe. Mmenisikia?"