Salamu kwa Mgeni wa Koti Jeusi

Kwenye saluni walimwita Bubu, maana alisuka vichwa kutwa nzima bila kutoa neno. Jina hilo lilimchoma. Ndiyo sababu aliomba kuingia kilabu cha wazungumzaji. Siku hiyo ilibaki nafasi moja, na waombaji walikuwa wawili: yeye na wifi yake, mke wa kaka yake, fundi cherehani msemaji kama chiriku.

Sheria ya pale ilikuwa kali: salamu ndiyo mlango. Ukikosea kumtambua msikilizaji, unaketi kabla hujaanza.

"Wifi," mke wa kaka alimnong'oneza, "yule wa koti jeusi pale mlangoni ndiye mgeni rasmi. Anza naye, kabla ya mwenyekiti."

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu. Hulioni koti?"

Tangu lini mtu akamwonyesha mpinzani wake njia? Kikulacho ki nguoni mwako. Bubu akamchunguza yule mgeni. Hakutazama jukwaa hata mara moja. Alitazama feni ya darini, iliyosimama. Mfukoni mwake bisibisi ilikuwa ikichungulia.

Ahaa! Kumbe mtego.

Alipoitwa alisimama. "Mwenyekiti, wanachama, na wageni wetu wote, kila mmoja kwa heshima yake, habari za mchana?"

"Njema!" ukumbi ukaitika. Yaliyofuata yalitoka kwa kigugumizi, lakini yalitoka.

Akaja wifi, kidevu juu. Bubu alisubiri amsalimu mwenyekiti kwanza, ili uongo wake ujulikane. Lakini wifi aligeukia mlangoni, akainama kidogo.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, umetupa hadhi kubwa..."

"Nani, mimi?" Yule bwana akajitazama. "Dada, mimi nimekuja kutengeneza feni. Nasubiri mmalize."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akamwonyesha wifi kiti.

Hapo Bubu akaelewa. Mwenzake alikuwa akiamini kila neno alilomwambia.

Nafasi akapewa yeye. Wifi alipiga makofi polepole, akimtazama usoni.

"Ulijua yule ni fundi, siyo?"

"Nilidhani unanitega."

"Nikutege, mimi? Hilo gauni ulilovaa kakushonea nani?"

Bubu akalishika pindo la gauni. Wakatoka pamoja, maana nyumba ni moja. Wifi alitangulia, na kila Bubu alipoongeza mwendo, naye aliongeza.