Duara Ndani ya Televisheni

Jumatano mchana, kibandani kwake kwenye machimbo ya dhahabu, fundi Muzamil alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya gemu, akichomelea nyaya. Mashine hiyo ililetwa kutoka Sirari juu ya magunia ya vitunguu, na kioo chake kilipasuka kabla haijafika hata Tarime mjini. Bodi ya ndani ilikuwa nzima. Muzamil akaagiza kigeuzi, kijisanduku kinachochukua picha ya gemu na kuibadilisha ili televisheni ya kawaida iweze kuionyesha. Aliunga waya mwekundu, wa kijani na wa bluu, kisha ule wa nne unaozuia picha isikimbie, akawasha televisheni ya chogo, ile nene ya zamani, ambayo wachimbaji walizoea kuangalia mpira.

Gemu ilikuwa ya kushindanisha magari. Televisheni ilionyesha udongo, na katikati ya udongo alikuwepo Nchagwa, mchimbaji ambaye hakuonekana tangu Jumapili, amejikunja, sururu mapajani.

Muzamil alidhani waya wa nne umelegea. Aliukaza, na Nchagwa akaonekana vizuri zaidi.

Mchimbaji mmoja aliyekuwa kwenye benchi alisema shati lile ni la Nchagwa, analijua. Mwingine akamwomba fundi asikae mbele ya kioo.

Duara la Benedicto, yaani shimo lake la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limetitia Jumapili, baada ya mvua. Benedicto, ambaye ndiye mwenye duara, alimwambia mtendaji wa kijiji kwamba halikuwa na mtu. Veronika, mke wa Nchagwa, aliambiwa kwamba mume wake amevuka mpaka na dhahabu na mwanamke wa Migori. Veronika hakuamini hata kidogo, ila hakuwa na njia ya kwenda kujionea. Katika machimbo yale mwanamke hasogelei mdomo wa duara, maana dhahabu ikimsikia inakimbia. Mwiko huo umekuwepo tangu watu waanze kuchimba, na wanaume waliorudi mikono mitupu wameupenda kuliko wote.

Basi aliposikia kwamba mume wake yuko kwenye televisheni, Veronika alifunga duka lake la maandazi akaja. Aliwasalimia wakubwa shikamoo, akasimama mbele ya kioo, akatazama mpaka akaridhika kwamba ni yeye.

"Anapumua," alisema.

Juu ya kioo kulikuwa na mstari wa kijani. Katika gemu ya magari ulikuwa wa mafuta. Sasa ulifupika kila Nchagwa alipovuta pumzi, na ulipobaki mfupi kama kucha, Muzamil alitumbukiza tokeni na mstari ukajaa tena. Nchagwa akanyoosha shingo.

Veronika aliisukuma fimbo ya kuchezea kuelekea kulia. Nchagwa aligeuka kulia akaanza kuchimba. Ukingoni mwa kioo, upande huo, palionekana shimo la zamani ambalo Wakenya waliliacha wazi, lenye ngazi ya miti mpaka juu. Kati yake na Nchagwa palikuwa na ukuta wa udongo wa kawaida.

Kibanda kilijaa watu. Walimwelekeza: hapo kuna jiwe, shuka kidogo, mpumzishe, fundi tia tokeni. Jasho lilimtiririka Veronika mpaka kwenye fimbo, akawa anaifuta kwa kanga bila kuiachia. Mara mbili udongo ulimwangukia Nchagwa na mstari ukashuka ghafla, na mara mbili Muzamil aliwahi. Ilipofika saa kumi ukuta ulikuwa umebaki mwembamba, na mwanga wa shimo la zamani ulianza kupenya.

Hapo ndipo Benedicto alipoingia na mgambo wake wawili. Alitazama televisheni kwa makini. Hakukana kwamba yule ni Nchagwa, na hakuna aliyemuuliza. Macho yake yalikuwa upande wa kushoto wa kioo, ambako ulipita mwamba wa dhahabu, wa njano, mnene kama paja la ng'ombe. Watu wote walikuwa na shughuli na ukuta, hawakuwa wameuona. Sasa waliuona.

"Humu ndani kuna duara," alisema Benedicto. "Na duarani mwanamke haingii. Nyinyi wenyewe mnajua."

"Hii ni televisheni," alisema Veronika.

"Inaonyesha nini?"

Veronika aliwatazama wanaume waliokuwa wakimwelekeza muda wote huo. Mmoja aliangalia viatu vyake. Mwingine alisema kwa upole kwamba shemeji asikasirike, ni utaratibu tu, na kweli njano ile ilikuwa kama imeanza kufifia. Mgambo walimbandua vidole kwenye fimbo, kimoja kimoja, wakamtoa nje. Alilia kwa hasira, wazi, mbele ya watu. Benedicto alishika fimbo akaisukuma kushoto, na Nchagwa akageuka.

Siku iliyofuata kamba ya duara lililotitia, ambayo ncha yake ilizama kwenye tope, ilianza kucheza. Vijana walivuta. Likatoka gunia la mawe yenye dhahabu, limefungwa fundo ambalo Nchagwa peke yake ndiye hulifunga. Wakaulizana kwa nini wasichimbe wakamtoa. Benedicto alisema atatoka mwamba ukiisha.

Muzamil, ambaye mkono wake ulionekana mzuri kuliko wa wengine, aliajiriwa kwenye fimbo. Jioni alipotoka kufunga mlango alimkuta Veronika nje, ameegemea ukuta.

"Fundi, ukichomoa waya, anapumzika au anakufa?"

Muzamil alisema hajui. Ilikuwa kweli, na aliona aibu kuisema. Hakuuchomoa.

Baba mkwe wa Veronika, mzee Nyamhanga, alipanda basi kutoka Kisaka kuja kuamua kuhusu msiba. Alimtazama mwanawe kiooni kwa muda mrefu, akamwita jina mara moja, akaona hageuki. Kwa kuwa mkwe na mke wa mtoto hawatazamani usoni, alitoa uamuzi wake akiwa ndani, akielekeza sauti kwenye ukuta ambao Veronika alisimama nyuma yake.

"Mwambieni asinyoe nywele. Mume wake yuko kazini."

Kwa hiyo Veronika hakuwa mjane, na matanga hayakuwekwa. Wenye maduara wengine walianza kuja kwa Muzamil, hata mmoja kutoka Mbalibali, kuagiza vigeuzi. Aliwauliza ni maduara yao yapi yaliyotitia. Walisema hayajatitia bado, lakini watu watakaokuwemo wameshawachagua.

Veronika hupita kila jioni akitoka kuuza maandazi. Husimama nje ya mlango, pale anaporuhusiwa.

"Ameshindaje leo, fundi?"

"Amechimba vizuri, shemeji," hujibu Muzamil, bila kuondoa macho kwenye kioo.