Gamelani Iliyolia kwa Sauti ya Wengine

Makofi yalikuwa hayajatulia Profesa Ardhana aliposimama kumpa Sekarini mkono.

"Wamepiga kama mtu mmoja," alisema. "Akina mama wa sokoni! Uliwafundishaje?"

Sekarini alitabasamu kidogo, akaifunika kompyuta yake.

Hakuwafundisha. Sehemu ya mwisho ya utungo wake wa shahada ya uzamili ilitaka vyuma vya gamelani, kundi la ala za shaba ambazo kwa kawaida hugongwa kwa nyundo, viguswe kwa ncha za vidole tu, polepole, maikrofoni zilizofichwa chini zinase kinong'ono hicho, na kompyuta ikipeleke kwenye spika. Mazoezini akina mama wa kijiji chake walipishana. Huyu anawahi, yule anachelewa, mwingine anacheka. Basi asubuhi hii Sekarini alizizima maikrofoni zao zote, na badala yake akaweka sauti alizozirekodi mwenyewe kwenye gamelani ya chuo na kuzipanga kwa mashine. Akina mama waligusa vyuma vyao mbele ya watahini, lakini kilichosikika hakikuwa chao.

Hakuna atakayejua, alijiambia.

Aliwakuta nyuma ya ukumbi, kando ya lori, wamekaa na wali wao haujafunguliwa kutoka kwenye majani ya mgomba. Kwa akina mama hawa, hilo lilitisha.

"Luh, mwanangu," alisema Mama Widiari, kiongozi wa kikundi, akimwita kama mabinti wa kijijini kwao wanavyoitwa. "Umesikia?"

"Nini, Mama?"

"Ala zetu. Kila gamelani ina sauti yake, na ya kwetu naijua tangu tumboni mwa mama yangu. Leo imelia kama ya watu wengine."

"Ni spika tu, Mama. Spika hubadilisha..."

"Spika si zilikuwepo mazoezini?" alidakia Mama Tirta. "Zilikoroma kama mume wangu, lakini tulikuwa sisi. Leo hata mimi kiziwi nimesikia."

Hakuna aliyecheka. Mama Darsi, ambaye kwa kawaida ndiye mwanzilishi wa kila utani, aliinamisha uso.

"Ni mimi," alisema. "Tulipokuwa tunapakia, niliruka ala moja. Nilivusha mguu juu yake hivi hivi, kama gogo. Nikaona haya kusema."

"Darsi wewe! Uliiruka?" alimaka Mama Tirta. "Ala ina roho, haivukwi kwa mguu!"

"Nimezikosea heshima, zikatukataa mbele ya wasomi. Nisamehe, Luh. Nimekuharibia siku yako."

Mama Widiari alishusha pumzi. "Tutapeleka sadaka hekaluni, tuziombe radhi. Na wewe Darsi, hutapiga nasi mpaka kuhani aseme."

Mama Darsi hakubisha. Alianza kuufungua mshipi wa manjano wa kikundi kiunoni, vidole vikishindwa na fundo.

Sekarini alivitazama vidole hivyo. Ilitosha kunyamaza tu. Ala zingenyunyiziwa maji matakatifu, yeye angevaa joho, na kijiji kizima kingemkumbuka Mama Darsi kama mwanamke aliyeifukuza sauti ya gamelani yao.

Mlango ukafunguka. Profesa Ardhana alitoka na sinia la vitumbua vya mchele. "Mama zetu, kuleni! Jopo zima limekubali, Sekarini amefaulu kwa..."

"Jifunge mshipi wako, Mama Darsi," Sekarini alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtoto. "Si wewe. Nilizizima maikrofoni zenu. Mlichosikia ni gamelani ya chuo, niliirekodi."

"Kwa nini?" aliuliza Mama Widiari.

"Mlikuwa mnapishana. Niliona mtaniaibisha."

Profesa aliliweka sinia chini taratibu. "Hii siwezi kuipitisha," alisema. "Njoo ofisini." Akarudi ndani.

"Yaani tumefunga vibanda vyetu," Mama Tirta alisema, "tukaja kukaa pale kama maua ya plastiki?"

Mama Widiari hata hakumwangalia Sekarini. Alimsaidia Mama Darsi kufunga fundo upya, akalikaza, akampigapiga mgongoni.

"Lakini ala niliiruka kweli," Mama Darsi alinong'ona.

"Hilo tutalimaliza nyumbani, wenyewe," alisema Mama Widiari.

Wakainuka kupakia. Sekarini alikimbilia upatu mkubwa, akainama ashike upande mmoja.

"Acha," alisema Mama Tirta, bila hata kupandisha sauti. "Nenda. Profesa wako anakungoja."